Kusubu impela ya stenlesi: mwongozo kamili kuanzia skrapu mpaka ifungwe kwa pampu

Juzi kijana mmoja aliniletea impela ya pampu ya juisi ya miwa, yaani lile gurudumu la mapanga linalozunguka ndani na kusukuma juisi, imelika mpaka mapanga yake yamekuwa membamba kama kifuniko cha mkebe, akaniuliza, "Mzee, hii tunaweza kuisubu huku huku Kisumu ama lazima iagizwe nje?" Nikamwambia inawezekana kijana wangu, lakini si kwa ile njia unayosubia, yaani unayoyeyushia na kumimina, sufuria za aluminiamu. Tukakaa hapo kwa benchi karibu masaa matatu nikimweleza, na nikaona afadhali niandike yote mahali pamoja kwa sababu wengi wananiuliza hiyo hiyo, watu wa viwanda vya sukari, watu wa maziwa kule Nakuru, mafundi wa pampu za mashamba, kila mtu ana spea yake ya stenlesi imekufa na bei ya mpya imemshinda.

Nitatumia hiyo impela kama mfano mpaka mwisho. Upana wake ni milimita 280, kitovu chake, yaani ile sehemu nene ya katikati inayoshika shafti, ni milimita 90, na ikishamashiniwa inabaki kama kilo 9. Ni impela ya wazi, haina kifuniko upande wa mbele, kwa hivyo mapanga yanatoka moja kwa moja na pateni, yaani lile umbo la mbao la kufinyilia kwa mchanga. Ile iliyofunikwa pande zote mbili inataka kori, yaani kipande cha mchanga cha kuacha nafasi, katikati na hiyo ni kazi nyingine ndefu zaidi.

Kwanza uelewe unasubu nini

Stenlesi, ile vitabu vinaita chuma cha pua, ni chuma chenye kromu angalau 10.5%. Hiyo kromu ikikutana na hewa inatengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma, huwezi kuiona kwa macho, na ukiikwaruza inajirudisha yenyewe. Ndo maana haishiki kutu. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alipoifikia mwaka wa 1913 alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki ambacho hakiliki haraka. Sasa shida iko hapa: kromu inapenda sana kaboni. Zikikutana kwa joto zinashikana, zinatengeneza kabaidi, na kromu iliyoshikwa hivyo haiwezi tena kutengeneza ile ngozi. So unaweza kuwa na chuma ambacho karatasi ya maabara inasema kina kromu 18% na bado kinashika kutu. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinarudi hapo, unalinda kromu isiliwe na kaboni, na ukimaliza unalinda ngozi isichafuliwe na chuma cha kawaida.

Zile gredi unazozijua, 304 na 316, ni za bati, paipu na fimbo. Za kusubu zina majina yake: ndugu ya 304 inaitwa CF8 na ndugu ya 316 inaitwa CF8M. Kwa pampu ya juisi mimi nachagua CF8M. Ndani yake kunafaa kuwe na kromu 18 hadi 21%, nikeli 9 hadi 12, molibdeni 2 hadi 3, na kaboni isipite 0.08. Hiyo namba ya mwisho iandike kwa ukuta wa wakshopu. Kama mtu anataka kuweldi sana baadaye basi mwambie CF3M, ambayo kaboni yake ni 0.03 kwenda chini.

Tanuri la makaa sahau

Aluminiamu inayeyuka kwa digrii 660, ndo maana kijana mwenye makaa, feni na ngoma ya mafuta anaweza kuisubu pale nje. 304 inataka kati ya 1400 na 1450 ndo ianze kuyeyuka, na ya kumimina lazima ipande mpaka 1560 hadi 1600 kwa sababu itapoteza joto njiani. Lakini tuseme hata umeweza kufikisha hilo joto kwa makaa, bado utaharibu. Krusibo, vile vyungu vya kuyeyushia, nyingi za jua kali ni za grafaiti, na grafaiti ni kaboni tupu, chuma kikiyeyuka ndani kinailamba kama sukari kwa chai. Kile utakachotoa kitang'aa, ndio, na kitakuwa kigumu, na kitavunjika na kushika kutu.

Unahitaji tanuri la umeme la indaksheni, lile lina koili ya kopa inayopitisha maji, na ndani limepigwa laini ya poda ya magnesia (oksidi ya magineziamu) au alumina. La kilo 50 mpaka 100 linatosha kazi zetu. Kama huna, usikate tamaa, tengeneza pateni na moldi, ile kalibu ya mchanga, wewe mwenyewe alafu tafuta foundri yenye indaksheni mkubaliane wamimine. Sehemu kubwa ya ubora iko kwa pateni na moldi.

Pateni

Chuma kikiganda na kupoa kinajikunja. Aluminiamu inajikunja kama 1.3%, stenlesi inakula kati ya 2 na 2.5%. Kwa hivyo ukichukua ile impela ya zamani uifinyilie kwa mchanga kama pateni, ile utapata itakuwa ndogo kwa milimita 6 au 7 na haitafaa kitu. Nimeona watu wamefanya hivyo. Pateni yetu tunaifanya 287, alafu unaongeza milimita 3 kila mahali lethi, ile mashine ya kuchonga chuma, itapita. Na kumbuka ile ya zamani imelika, kwa hivyo usipime mapanga pale mwisho palipoisha, pima karibu na kitovu ambapo bado unene wa kiwandani uko, ama upate droing.

Mbao nzuri ni mvule au mahogani iliyokauka vizuri. Saiprasi inatumika kwa pateni ya mara moja mbili lakini inajipinda msimu wa mvua. Kila uso unaosimama uupe mteremko wa digrii 1 au 2 ndo pateni itoke bila kubomoa mchanga, na kila kona ya ndani ijazwe iwe mviringo, manake kona kali ndo pahali stenlesi inapasukia ikiwa bado ina moto. Piga vanishi, sugua, piga tena. Chochote kidole chako kinahisi kwa pateni, mteja atakiona kwa chuma.

Moldi: hapa ndo wengi wanaangukia

Mchanga uwe wa silika, uliooshwa, punje zake ndogo kidogo kuliko za sukari. Mchanga wa ziwa unaweza kukudanganya, unaonekana msafi lakini ukiuangalia karibu una vipande vya konokono, na hivyo vikipata joto la chuma vinatoa gesi ndani ya moldi. Chekecha na uoshe, na kama bado unaviona tafuta mchanga mwingine.

Cha kushikanisha mchanga ndo kitu muhimu. Sisi huku magharibi tumezungukwa na molasi, na molasi ni gundi ya kori tangu zamani, kwa aluminiamu na kasti (kasti aini) inafanya kazi. Kwa stenlesi usiiguse. Molasi ni kaboni, vumbi la makaa ya mawe ambalo watu wa kasti wanachanganyanga kwa mchanga ni kaboni, oili ni kaboni, na chuma chenye kaboni 0.08 kikikutana nazo kwa digrii 1600 kinazifyonza kutoka usoni kuingia ndani. Tumia silikati ya soda, wengine wanaiita maji ya kioo, haina kaboni kabisa. Kilo 4 kwa kilo 100 za mchanga mkavu, changanya dakika tatu mpaka tano, ukifinya donge mkononi linakaa umbo lake lakini halikunati.

Shindilia kwa boksi kuzunguka pateni, kanyagia vizuri karibu na mapanga, toboa matundu madogo ya hewa kwa waya mwembamba, alafu pitisha gesi ya kaboni dioksaidi kutoka kwa mtungi, ile ile inayotiwa kwa soda za kunywa. Sekunde chache kila tundu. Usizidishe! Mtu akiona inakauka anafikiri akiongeza gesi itakuwa ngumu zaidi, kumbe inageuka, inakuwa na unga mweupe juu na inabomoka ukiigusa. Ukibonyeza ukucha na ukashindwa kuingia, imetosha.

Uso wa moldi unapakwa rangi ya zikoni iliyochanganywa na spiriti, unapaka na brashi alafu unaiwasha moto iungue. Hiyo inazuia mchanga kuyeyukia kwa chuma. Bila hiyo utakaa siku mbili unachonga mchanga uliogeuka kioo kwa mapanga.

Sasa raiza. Hii nitaikalia kidogo kwa sababu impela nyingi nilizoona zikikataliwa zilikuwa na shimo ndani ya kitovu, na shimo hilo halionekani mpaka lethi ifike. Chuma kikiganda kinapungua, na sehemu inayoganda mwisho ndo inabaki na upungufu wote. Kitovu ni kinene kuliko mapanga, kinaganda mwisho, kwa hivyo shimo litakaa hapo, isipokuwa umewekea juu yake tanki la chuma kinachochelewa zaidi kuganda, kikiendelea kulisha chini. Hilo tanki ndo raiza. Saizi yake haikisiwi. Chukua ujazo wa kitovu ugawanye kwa eneo la uso wake linalopoza, kwa kitovu cha 90 kwa kimo cha 80 unapata kama sentimita 1.4. Raiza lazima ipate namba kubwa zaidi mara 1.2, yaani kama 1.7. Raiza ya mviringo yenye kimo sawa na upana, iliyosimama juu ya kitovu, namba yake ni upana ugawanye kwa 5, so inataka angalau sentimita 8.5. Mimi naweka 10, na kimo 12. Ndio inakula chuma kingi, raiza peke yake ni kama kilo 7, ukiongeza na mfereji wa kuingilia utamimina karibu kilo 20 ndo upate impela ya kilo 9. Mteja akilalamika juu ya uzito huo mweleze, hiyo kilo 7 inarudi kwa tanuri na inayeyushwa tena, haijapotea.

Juu ya raiza ikishajaa unamwaga kitu cha kuifunika isipoe haraka. Hapa tuna bahati, mpunga wa Ahero una maganda mengi na majivu ya maganda ya mpunga ni blanketi nzuri sana ya chuma cha moto. Lakini yawe yameungua mpaka yakawa meupe. Yakiwa meusi bado yana kaboni, na unajua ishaenda wapi hiyo.

Mvua. Hii ilinipata mimi. Tulitengeneza moldi sita jioni, tukazifunika nusu nusu na turubai, usiku ikanyesha ile mvua ya Kisumu ya radi, na asubuhi ukizigusa zilikuwa kavu kabisa kwa mkono. Tukamimina. Zile mbili za ukutani zilikuwa sawa, lakini zile za karibu na mlango, chuma kilipopanda kwa raiza kikaanza kuguna na kutoa mapovu kama uji, na nilijua papo hapo. Zilipoenda kwa lethi, milimita moja chini ya ngozi kulikuwa na vitundu vidogo vidogo kama vya sindano, mamia. Silikati inanyonya unyevu hata kutoka kwa hewa tu. Tangu siku hiyo hakunaga moldi inayolala, na kama imelazimika, asubuhi inapigwa moto wa gesi dakika kumi kabla ya kufungwa.

Skrapu na hesabu yake

Kwa soko la Kibuye hapa Kisumu au kwa yadi yoyote ya vyuma vya zamani watakuwekea stenlesi kwa mizani na watakuonyesha na sumaku, "unaona mzee, haishiki, hii ni orijino." Sumaku si ushahidi. 304 na 316 hazishiki sumaku, hiyo ni kweli, lakini kuna zile za familia ya 200 ambazo nikeli imepunguzwa ikawekwa manganizi mahali pake, na zenyewe pia hazishiki. Sufuria nyingi za bei rahisi na vitasa vya mlango viko hapo. Ukizichanganya, nikeli yako inashuka, manganizi inapanda, na impela haitadumu kwa juisi ya moto. Nunua kitu unachojua kilikotoka: matanki ya maziwa ya zamani, paipu za pombe, mabati ya viwandani yenye namba imepigwa. Na ukipata nafasi peleka kipande kwa mtu mwenye ile bunduki ya eksirei inayosoma metali kwa sekunde chache. Lakini ujue haisomi kaboni, ya kaboni inataka spektromita ya maabara.

Hesabu ya kuyeyusha kama kilo 51, inayotosha impela mbili na vipande vya tesiti, ukianza na 304 safi ni hii: skrapu ya 304 kilo 46, ferokromu (fero ni chuma kilichochanganywa na kitu kingine, hapa kromu) yenye kaboni kidogo kilo 2, nikeli kilo 1.3, feromolibdeni kilo 2. Ukipiga hesabu inakuja kromu kama 18.7%, nikeli 9.7, molibdeni 2.4, zote ndani ya mipaka. Hii ni mfano, yako itabadilika kulingana na skrapu.

Sasa angalia hapo kwa ferokromu. Iko ya aina mbili na ile yenye kaboni nyingi ni rahisi zaidi, kwa hivyo muuzaji atakuuliza kama unataka kuokoa pesa. Hiyo ya rahisi ina kaboni kama 7%. Kilo 2 ina gramu 140 za kaboni. Gawanya kwa chuma chako chote unapata 0.27%, zaidi ya mara tatu ya mpaka, na hapo hujahesabu kaboni iliyokuwa kwa skrapu. Mfuko mmoja umeharibu kazi nzima, na hakuna njia ya kuitoa kwa tanuri dogo kama letu.

Skrapu ioshwe mafuta, ikauke, na paipu au chupa yoyote iliyofungwa pande zote ikatwe wazi kabla haijaingia. Maji yaliyonaswa ndani ya chuma kilichoyeyuka yanageuka mvuke mara moja na kinachofuata ni mlipuko. Hapa sibembelezi mtu.

Kuyeyusha na kumimina

Anza na vipande vizito chini, nikeli na molibdeni ziingie mapema, ferokromu ikisha kuwa na dimbwi. Ongeza skrapu kidogo kidogo lakini usiiache ijengeke daraja juu huku chini kunachemka. Kromu inaungua ikikaa wazi kwa hewa, utaona inatengeneza ngozi nzito kama ugali juu, kwa hivyo yeyusha haraka, usiache chuma kikae kinasubiri watu wamalize chai. Kabla hata ya kuwasha hakikisha moldi zimefungwa, zimewekewa uzito juu, na watu wako mahali pao. Na stima ikipotea katikati, na huku kwetu inapotea, jambo la kwanza ni maji ya kupoza koili yaendelee kutembea, uwe na tanki iliyoinuliwa inayoshuka yenyewe ama pampu ya jenereta.

Pima joto na ile fimbo ya kuchovya yenye ncha ya kutumia mara moja. Macho ya fundi mzoefu yanasaidia lakini yanakosea kwa digrii 50 bila yeye kujua, na digrii 50 hapa ni nyingi. Chuma kikifika karibu 1600, toa slagi yote, ule uchafu unaoelea juu, weka ferosilikoni na feromanganizi kidogo za kuondoa oksijeni, na wakati wa kumwaga kwa ndoo ya kumiminia dondosha aluminiamu kama gramu 30. Ndoo yenyewe iwe imepashwa moto mpaka nyekundu ndani. Ndoo baridi inakuibia joto, na ndoo yenye unyevu inakuletea vile vitundu vya sindano.

Mimina bila kusita. Mkondo uwe mmoja, mnene, usikatike, ujaze mdomo wa kuingilia mpaka uone chuma kinapanda kwa raiza. Ukisimama katikati hata sekunde mbili unapata mstari kwa panga ambapo chuma cha kwanza na cha pili hazikushikana. Ukiweza kupata kichujio cha seramiki cha zikonia kiweke kwa rana, ule mfereji wa kuingilia, kinashika uchafu mwingi. Alafu funika raiza na yale majivu meupe.

Chini ya miguu kuwe na mchanga mkavu. Sakafu ya simiti ina maji ndani yake hata kama inaonekana kavu, chuma kikimwagika juu yake inaruka vipande. Vaa ngozi na pamba, buti za ngozi, suruali ije juu ya buti. Najua joto la Kisumu saa saba mchana, na najua mtu anaweza kuona akala zinatosha. Hazitoshi.

Kama kitu ni kidogo: njia ya nta

Vali ndogo, viungo vya paipu za maziwa, vitu vya gramu mia mbili mpaka kilo moja mbili, mchanga hauvipi sura nzuri. Hivyo vinasubiwa kwa nta. Unatengeneza umbo la nta kwa kalibu ya aluminiamu, unabandika mengi kwa fimbo moja ya nta kama matunda kwa tawi, unachovya kwa uji wa silika na unga wa zikoni, unanyunyizia mchanga laini, unaacha likauke, unarudia mara sita mpaka nane kila mara mchanga ukiwa mnene zaidi. Alafu nta inatolewa kwa mvuke wa presha, haraka, presha ipande kwa sekunde chache tu, kwa sababu nta ikipashwa polepole inafura kabla haijayeyuka na inapasua ganda. Ganda linachomwa karibu digrii 1000 na hewa ya kutosha ili masizi ya nta yaishe kabisa, na chuma kinamiminwa ganda likiwa bado jekundu.

Ugumu wake huku ziwani ni ukaushaji. Kati ya Machi na Mei hewa imejaa maji na tabaka moja linaweza kukataa kukauka siku nzima. Chumba kifungwe, kiwe na mashine ya kutoa unyevu na feni. Nakuru iko juu na ni kavu kidogo, nafuu ipo, lakini bado usikaushe kwa jua moja kwa moja, nta inajipinda.

Kukata, kuchoma na kuzima kwa maji

Acha moldi ipoe, vunja, kata raiza. Ukiangalia pale ulipokata raiza na kitovu ni kigumu bila shimo wala nyufa, shukuru, hesabu yako ilikuwa sawa.

Hatua inayofuata watu wanairuka kwa sababu impela inaonekana imekamilika. Wakati ilikuwa inapoa polepole ndani ya mchanga, ilipita kati ya digrii 870 na 425, na hapo ndo kaboni hata ile kidogo iliyopo inashika kromu kwenye mipaka ya punje za chuma. Impela kama hiyo ikienda kwa juisi italika kwa ndani kufuata hiyo mipaka, huku uso bado unang'aa. Dawa ni kuirudisha kwa tanuri, digrii 1040 kwenda juu, sisi tunaweka 1080, ikae kama saa moja kwa kila milimita 25 za unene, kabaidi ziyeyuke zirudi ndani, alafu itoke moja kwa moja iingie kwa maji mengi. Maji mengi ninamaanisha pipa zima kwa impela moja, na uikoroge. Kutoka mlango wa tanuri mpaka majini ziwe sekunde chache, kwa hivyo pipa liwe kando ya mlango.

Baada ya hapo mteja anaweza kuja na sumaku yake akute inashika kidogo akasema umemdanganya. Mweleze kwa upole. CF8M iliyosubiwa huwa na ferite kiasi ndani yake, ndo inaizuia isipasuke ikiganda, na ferite inashika sumaku. Mwonyeshe karatasi ya maabara.

Kwa lethi, bite, kile kisu chake, iwe kali na iendelee kula, usiiache ikisugua tu mahali pamoja, stenlesi inakuwa ngumu pale ilipochezewa na bite inayofuata inakufa.

Ngozi

Miaka michache nyuma tulipeleka impela kwa kiwanda fulani, maabara ilikuwa sawa, balansi ilikuwa sawa, na wiki ya pili wakanipigia ina madoa ya kutu ya rangi ya chai kwa mapanga matatu. Nilienda kuangalia. Yalikuwa mapanga matatu yaliyopangana, na kutu ilikuwa imefuata mistari ya diski ya grinda kabisa kabisa, unaona mkono wa fundi ulivyopita. Diski hiyo ilikuwa imetumika asubuhi kwa angle iron za geti. Vumbi la chuma cha kawaida lilikuwa limepigiliwa ndani ya stenlesi, na hilo ndo lilioza. Sasa diski za stenlesi zina sanduku lake lenye kufuli, brashi za waya ni za stenlesi peke yake, na kupiga uso tunatumia shanga za kioo, si risasi za chuma.

Baada ya grinda na shanga, osha mafuta kwa sabuni ya moto, suuza, alafu uiloweke kwa asidi ya sitriki, ya unga inayouzwa kwa watu wa vyakula, 4 hadi 10% kwa maji ya digrii 60, nusu saa. Inatoa vumbi la chuma na kuacha kromu ijenge ngozi yake. Suuza na maji safi mpaka iishe. Viwanda vikubwa vinatumia naitriki iliyochanganywa na haidrofloriki, inatoa hata ule weusi wa tanuri, lakini haidrofloriki inapita ngozi ya mtu bila maumivu makubwa mwanzoni na inakula kalsiamu ya mfupa na damu. Kama huna glavu zake, hewa, na jeli ya kalsiamu glukoneti mkononi, usiilete wakshopu. Na asidi yoyote iliyotumika itulizwe na chokaa kwanza, isimwagwe kwa mtaro, mitaro yetu inaingia mto Kisat na Kisat inaingia ziwani.

Kujua kama ngozi imekaa, ifunike na kitambaa cheupe kilicholowa maji safi usiku mzima. Asubuhi ukikuta doa la rangi ya chai, rudi kwa asidi. Nyufa zinatafutwa kwa ile dawa nyekundu ya kupenya: paka, ngoja dakika kumi, futa kabisa, puliza unga mweupe, na ufa wowote utajichora mstari mwekundu. Njia ya unga wa sumaku haitafanya kazi kwa hii chuma.

Ikipita, piga namba ya myeyusho kwa kitovu, weka kipande cha tesiti chenye namba hiyo hiyo kwa rafu, na andika kwa daftari skrapu ilitoka wapi, joto la kumimina, na saa iliyoingia majini. Ifunge kwa karatasi au gunia safi. Isifungwe na waya wa kufungia nondo, na kwa pikapu isilazwe juu ya vyuma vingine.